Saratani ya tezi dume: kipimo kifupi cha IRM kinaweza kuisaidia Kongo, lakini mashine peke yake haitoshi

Utafiti uliochapishwa mwezi Septemba 2025 katika JAMA, jarida la madaktari wa Marekani, unastahili kusomwa kwa makini Kinshasa, Lubumbashi, Kisangani na Bukavu. Utafiti huo, unaoitwa PRIME, uliendeshwa katika hospitali 22 za nchi 12 chini ya uongozi wa watafiti wa University College London. Wanaume 490 walioshukiwa kuwa na saratani ya tezi dume, yaani prostati, walipimwa kwa mashine ya IRM. Picha za kila mmoja zilisomwa mara mbili: kwanza bila zile zilizopigwa baada ya sindano ya dawa ya kung'arisha picha, kisha pamoja nazo.

Matokeo yalikuwa karibu sawa kabisa. Bila dawa, saratani ya hatari iligunduliwa kwa asilimia 29.2 ya wanaume hao. Kwa dawa, asilimia 29.6. Kipimo kilichokuwa kikichukua dakika 30 hadi 40, pamoja na sindano na mtu wa kuichoma, kinaweza kufanyika kwa dakika 15 hadi 20 bila sindano yoyote, na mgonjwa asipoteze kitu.

Huko Ulaya habari hiyo inasomwa kama njia ya kupunguza foleni hospitalini. Nchini Kongo, ambako mashine za IRM ni chache na wagonjwa wengi hawajawahi kuiona hata moja, ina maana nyingine. Kwa zaidi ya miaka 40 maendeleo ya vipimo vya saratani yamekuwa ya kuongeza: sumaku yenye nguvu zaidi, dawa zaidi, picha zaidi, bei zaidi. Sasa sayansi imeanza kujifunza kupunguza, na mwelekeo huo ndio wenye faida kwa nchi maskini. Lakini una masharti yake, na masharti hayo hayanunuliwi pamoja na mashine.

IRM inaona nini?

IRM ndiyo ile ambayo majirani wa Uganda, Kenya na Tanzania huiita MRI. Si eksirei wala si skana, kwa maana haitumii mionzi inayoweza kudhuru mwili. Inatumia sumaku kubwa na mawimbi ya redio. Mwili wa binadamu umejaa maji, na ndani ya kila tone la maji mna chembe za haidrojeni. Sumaku huzipanga chembe hizo, wimbi la redio huzisukuma, nazo zikirudi mahali pake hutoa ishara ambayo kompyuta huigeuza kuwa picha.

Saratani ilikuwemo katika historia ya chombo hiki tangu mwanzo. Mwaka 1971 daktari Mmarekani Raymond Damadian aliandika kwamba uvimbe wa saratani katika panya hutoa ishara tofauti na nyama nzima ya mwili. Paul Lauterbur wa Marekani na Peter Mansfield wa Uingereza ndio waliogundua jinsi ya kutengeneza picha kutokana na ishara hizo, na mwaka 2003 wakapewa tuzo ya Nobel. Damadian aliachwa nje, na alilalamika hadharani.

Picha ya kawaida ya IRM huonyesha umbo: tezi ni kubwa kiasi gani, kuna doa wapi. Lakini umbo peke yake halisemi kama doa ni saratani, kovu au uvimbe wa uzee. Ndipo zilipokuja mbinu za juu zaidi. Ya kwanza, iliyoanzishwa katikati ya miaka ya 1980 na Mfaransa Denis Le Bihan, hupima jinsi maji yanavyotembea kati ya seli. Katika soko lenye nafasi mtu hupita huku na huko bila taabu. Siku ya soko kuu, watu wakisongamana bega kwa bega, hakuna anayeweza kusogea. Saratani nyingi ni kama soko hilo lililojaa. Seli zimebanana, maji hayapati njia, na doa hutokea waziwazi kwenye picha.

Mbinu ya pili hutumia dawa yenye madini ya gadolini, inayochomwa kwenye mshipa. Saratani hujijengea mishipa mingi ya damu isiyo imara, kwa hiyo dawa huingia haraka na kutoka haraka. Kwa prostati, picha za umbo, za maji na za dawa zikiunganishwa, madaktari huzisoma kwa kipimo kinachoitwa PI-RADS, chenye alama ya 1 hadi 5. Alama ya 1 ina maana saratani ya hatari haitarajiwi kabisa. Alama ya 5 ina maana kwamba karibu hakika ipo. Utafiti wa PRIME umeonyesha kwamba, mara nyingi, picha mbili za kwanza zinatosha kutoa hukumu hiyo.

Ugonjwa ambao Kongo inaufahamu

Hakuna haja ya kwenda mbali kutafuta mfano wa saratani hii. Mwezi Agosti 1996 Rais Mobutu Sese Seko alipasuliwa mjini Lausanne, Uswisi, kwa sababu ya saratani ya prostati. Alipokuwa bado Ulaya, vita vilianza Kivu. Alirudi Kinshasa mwezi Desemba, utawala ukiwa umekwisha kutikisika, na tarehe 7 Septemba 1997 alifariki mjini Rabat, Morocco. Mtu aliyeitawala nchi kwa zaidi ya miaka 30 alitibiwa nje yake, na tangu wakati huo familia nyingi za Wakongo zenye uwezo zimefuata njia hiyo hiyo kwenda Ulaya, India, Afrika Kusini au kwa majirani.

Sababu ya kuiweka saratani hii mbele si historia tu. Takwimu za Uingereza, ambako watu huhesabiwa kwa uangalifu, zinaonyesha kwamba mwanaume mmoja kati ya wanne weusi hupata saratani ya prostati katika maisha yake, wakati kwa wanaume wote kwa jumla ni mmoja kati ya wanane. Ndiyo maana jaribio kubwa linaloitwa TRANSFORM, lililotengewa pauni milioni 42, ambalo linatafuta njia bora ya kuwapima wanaume wasio na dalili, linawaalika wanaume weusi kuanzia umri wa miaka 45, miaka mitano kabla ya wengine. IRM fupi ni mojawapo ya njia zinazojaribiwa humo.

Nchini Kongo mambo huanza kwa namna nyingine. Mzee anaamka usiku mara nne au tano kwenda haja ndogo, anadhani ni uzee. Maumivu ya mgongo yanakuja, anakunywa dawa za duka. Anapofika hospitali, mara nyingi saratani imekwisha kuingia mifupani. Katika hatua hiyo hakuna picha, iwe nzuri namna gani, itakayomrudisha alikotoka. Kipimo cha mapema kina maana tu kama mtu anakipata mapema.

Biopsi ya gizani

Kabla ya IRM, njia ilikuwa hii. Mwanaume anapimwa damu kwa kipimo kinachoitwa PSA. Kikiwa juu, daktari anaingiza chombo cha ekografi kwa njia ya haja kubwa na kuchoma tezi kwa sindano mara 10 au 12, akichukua vipande kutoka pande zote bila kujua saratani iko wapi. Hiyo ndiyo biopsi ya gizani. Inaweza kuleta maambukizi makali ya damu, kwa kuwa sindano hupita mahali penye vijidudu vingi. Na inaweza kuikosa saratani iliyojificha mbele ya tezi, huku ikipata vile visaratani vidogo ambavyo visingemuua mtu kamwe.

Utafiti wa PROMIS wa Uingereza, uliochapishwa mwaka 2017, uliipima njia hiyo kwa wanaume 576. Kila mmoja alipigwa IRM, akafanyiwa biopsi ya kawaida, kisha biopsi ya kina ambayo ilichukuliwa kama ukweli wenyewe. Biopsi ya kawaida iligundua asilimia 48 tu ya saratani za hatari. IRM iligundua asilimia 93. Watafiti wakahesabu kwamba, IRM ikitangulia, zaidi ya robo ya wanaume wangeweza kuepuka sindano.

Mwaka uliofuata, utafiti wa PRECISION uliowahusisha wanaume 500 katika nchi 11 ulithibitisha jambo hilo. Kundi lililoanza na IRM, na kuchomwa sindano pale tu palipoonekana doa, lilipata saratani za hatari kwa asilimia 38. Kundi la biopsi ya kawaida lilipata asilimia 26. Na visaratani visivyo na hatari, ambavyo huwatia watu hofu na kuwapeleka kwenye upasuaji wasiouhitaji, vilipungua kutoka asilimia 22 hadi 9.

Faida ya IRM, basi, ina pande mbili: inawapata wanaohitaji matibabu, na inawaacha kwa amani wasioyahitaji. Kwa familia inayouza shamba au kukopa ili kulipia upasuaji wa baba, upande huo wa pili si jambo dogo.

Kinachopungua ni nini hasa?

Kuondoa dawa ya gadolini kunapunguza mambo matatu kwa pamoja. La kwanza ni gharama ya dawa yenyewe, ambayo lazima iagizwe kutoka nje na kulipiwa kwa dola. La pili ni hatari. Kwa watu wenye figo zilizochoka sana, aina fulani za dawa hiyo zilisababisha ugonjwa mbaya wa kukakamaa kwa ngozi na viungo, na mwaka 2017 mamlaka ya dawa ya Umoja wa Ulaya ilisimamisha au kuwekea mipaka aina kadhaa baada ya mabaki yake kukutwa kwenye ubongo. Mahali ambapo wagonjwa wengi wa kisukari na shinikizo la damu hawajawahi kupimwa figo, kipimo kisicho na dawa ni usalama mkubwa zaidi kuliko Ulaya.

La tatu ni muda. Mashine inayofanya kazi saa nane kwa siku, ikimpima kila mgonjwa kwa dakika 40, inahudumia watu 12. Kwa dakika 20, inahudumia 24. Hiyo ni hesabu ya karatasi, kwani mgonjwa lazima avue nguo, aulizwe kama ana chuma mwilini, alale, ainuke. Lakini mwelekeo wake ni wa kweli. Mashine moja inaweza kufanya kazi inayokaribia ya mashine mbili bila kununua ya pili.

Kupunguza huku hakukuanza na prostati. Mwaka 2014, nchini Ujerumani, Christiane Kuhl na wenzake walionyesha kwamba IRM ya matiti iliyofupishwa hadi dakika tatu iligundua saratani sawa na ile ndefu. Na IRM ya matiti ina uzito: nchini Uholanzi, utafiti wa DENSE wa mwaka 2019 ulionyesha kwamba wanawake wenye matiti mazito sana walioalikwa kupimwa kwa IRM, baada ya mamografi kuonekana safi, walipata nusu tu ya saratani za kujitokeza ghafla kati ya kipimo kimoja na kingine, yaani 2.5 kwa kila wanawake 1,000 badala ya 5.0. Tofauti na prostati, hata hivyo, kipimo hiki cha matiti hakijaachana na dawa.

Masharti yasiyoonekana kwenye bei

Hapa ndipo wasomaji, na hasa wanaoandaa bajeti, wanapaswa kusimama kidogo. PRIME haikufanyika mahali popote tu. Ubora wa picha za kila hospitali ulikaguliwa kabla hospitali hiyo haijakubaliwa, na picha zilisomwa na madaktari wenye uzoefu wa prostati. Ukiondoa dawa, unaondoa pia msaada uliokuwapo pale picha za maji zilipotoka vibaya. Mashine iliyopangwa vibaya, au mgonjwa ambaye utumbo wake umejaa gesi, huharibu picha hizo kwanza. Kwa hiyo kipimo kifupi kinadai mpiga picha hodari zaidi na msomaji hodari zaidi, si dhaifu zaidi.

Sharti la pili ni biopsi. Katika PROMIS, IRM ilikuwa nzuri sana katika kuona saratani, lakini kati ya wanaume wasio na saratani ya hatari, ni asilimia 41 tu ambao IRM iliwaambia wako salama. Waliobaki walishukiwa bure. Doa la alama ya 4 au 5 bado ni shaka mpaka kipande cha nyama kichukuliwe, kikatwe, kipakwe rangi na kuangaliwa kwa darubini na mtaalamu wa maradhi ya seli. Bila maabara hiyo, IRM inaweza kuwa kiwanda cha hofu: mzee anaambiwa ana doa, na hakuna anayeweza kumwambia doa hilo ni nini.

Tena si kila mgonjwa anayepewa alama nzuri yuko salama. Katika utafiti huo huo, karibu mtu mmoja kati ya kumi ambao IRM yao haikuonyesha kitu alikuwa na saratani ya hatari. Lazima wafuatiliwe, wapimwe PSA tena, waitwe kwa simu. Kufuatilia mgonjwa ni kazi ya faili na nidhamu, na hakuna sumaku inayoweza kuifanya.

Kwa ubongo, tahadhari ni kubwa zaidi. Mbinu za IRM za siku hizi zinaweza kupima mtiririko wa damu ndani ya uvimbe, na hata kemia yake: tangu mwaka 2012 imejulikana kwamba aina fulani ya uvimbe wa ubongo wenye badiliko la vinasaba linaloitwa IDH inaweza kutambuliwa kwa kemikali moja inayoonekana bila kufungua fuvu. Lakini Afrika ya Kati ina magonjwa ambayo vitabu vya Ulaya havianzi nayo. Kifua kikuu cha ubongo, jipu la usaha na vifuko vya lava wa tegu vinaweza kufanana na saratani kwenye picha. Picha za mwendo wa maji husaidia hapa pia: usaha mzito wa jipu huyazuia maji, wakati katikati ya saratani iliyooza maji hutembea kwa urahisi zaidi. Tofauti hiyo ni ya uhai, kwa sababu jipu hutolewa usaha na kutibiwa kwa dawa za kuua vijidudu.

Wanaodhani akili bandia itajaza pengo la madaktari nao wana la kujifunza. Programu nyingi za kusoma uvimbe wa ubongo zilifundishwa kwa picha za Marekani na Ulaya, za mashine zenye nguvu na za wagonjwa waliofika mapema. Ndiyo sababu watafiti Waafrika na washirika wao walikusanya hazina ya picha iitwayo BraTS-Africa, iliyoanza na wagonjwa wa Nigeria, na mwaka 2023 ikaingizwa katika shindano la kimataifa la programu hizo. Picha za Kongo zikikosekana katika hazina kama hizo, programu zitakazouzwa Kongo kesho zitakuwa zimefundishwa kusoma miili ya watu wengine.

Mashine kubwa, mashine ndogo

Mashine ya kawaida ya IRM ina nguvu ya tesla 1.5, takriban mara 30,000 ya sumaku ya dunia. Bei yake ikiwa mpya hufika dola milioni moja na zaidi, kabla ya kujenga chumba kinachozuia mawimbi ya redio. Sumaku yake hupozwa kwa heli ya kimiminika, kiasi cha lita 1,500 au zaidi katika mashine za zamani. Umeme ukikatika muda mrefu na mfumo wa baridi ukasimama, heli huanza kuchemka na kutoroka. Katika nchi ambayo mtu mmoja tu kati ya watano hivi ana umeme, na ambako wateja wa SNEL wanajua maana ya kukatiwa, hilo si jambo la nadharia. Kuna mashine za karibuni zinazotumia lita saba tu za heli, zilizofungwa kiwandani kabisa. Ni swali la kuuliza kabla ya kusaini mkataba. Ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, katika bonde la Rukwa nchini Tanzania, heli iligunduliwa mwaka 2016; lakini gesi iliyo ardhini kwa jirani haijazi sumaku iliyokauka Kongo.

Upande wa pili kuna mashine ndogo. Mwaka 2020 Marekani iliidhinisha mashine ya Hyperfine yenye tesla 0.064, inayosukumwa kwa magurudumu hadi kando ya kitanda na kuchomekwa kwenye plagi ya kawaida. Nchini Uganda, katika chuo kikuu cha Mbarara, watafiti wa huko wakishirikiana na wenzao wa Uholanzi na Marekani waliunganisha mashine ya namna hiyo kwa mikono yao wenyewe kwa siku 11. Mbarara haiko mbali na mpaka wa Kongo. Ni ushahidi kwamba ufundi huu unaweza kukaa katika mikono ya Waafrika. Lakini mashine ya Hyperfine imeidhinishwa kwa kichwa, na ile ya Mbarara ililenga hasa watoto wenye maji kichwani. Atakayesema leo kwamba mashine hizo zitagundua saratani ya prostati anauza kitu ambacho bado hakijathibitishwa.

Kununua kwa mpangilio

Swali la kisiasa, basi, si kama Kongo inastahili IRM. Inastahili. Afrika Magharibi yenyewe, ilipohesabiwa katika ripoti ya mwaka 2018, ilikuwa na mashine 84 kwa watu zaidi ya milioni 370, na hali ya Afrika ya Kati si ya kujivunia. Swali ni mpangilio. Nchi imezoea kuona vifaa vya hospitali vikizinduliwa kwa utepe na ngoma, kisha vikafunikwa turubai kwa kukosa kipuri cha dola mia chache au fundi wa kukifunga.

Mpangilio unaoeleweka unaanza chini. Kwanza, kipimo cha PSA na ekografi katika hospitali kuu za majimbo, pamoja na wauguzi wanaojua ni mzee gani apelekwe mbele. Pili, maabara ya kusoma biopsi na wataalamu wake, kwa sababu huyatumikia matiti, shingo ya kizazi, ini na prostati kwa wakati mmoja. Mwanamke mwenye uvimbe wa titi unaoshikika kwa mkono hahitaji IRM ili atibiwe. Anahitaji biopsi wiki hiyo hiyo. Tatu, IRM chache zilizowekwa mahali penye umeme wa uhakika, mkataba wa matengenezo wa miaka mingi na madaktari waliofunzwa, zikitumia vipimo vifupi tangu siku ya kwanza. Hapo ndipo pia mwenye saratani ya shingo ya kizazi atakapofaidika, kwa kuwa IRM huonyesha kama ugonjwa umevuka kizazi, yaani kama afanyiwe upasuaji au apelekwe kwenye mionzi.

Kongo haitembei peke yake katika njia hii. Ni miongoni mwa nchi za kwanza kuchaguliwa katika mpango wa Shirika la Kimataifa la Nishati ya Atomiki ulioanzishwa Februari 2022, unaosaidia nchi kupata mionzi ya tiba na vipimo vya picha. Mwaka huo huo ilijiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki, ambayo imeichagua taasisi ya saratani ya Kampala kuwa kituo chake cha mafunzo ya juu ya ugonjwa huo. Madaktari vijana wa Kisangani na Bunia wangeweza kupata huko ujuzi wa kusoma picha, kama serikali ingelipia masomo kwa bidii ile ile inayotumika kulipia mashine.

Mashariki, hata mpangilio mzuri unagonga ukuta wa vita. Vita vilipofika Goma mwezi Januari 2025, uwanja wa ndege wa mji huo ulifungwa, na benki zikafunga milango. Mgonjwa aliyekuwa na uwezo wa kupanda ndege kwenda Kinshasa kwa kipimo akabaki na barabara na mipaka. Saratani haingoji mazungumzo yamalizike.

Dakika 15 bila sindano ni zawadi ambayo sayansi imewapa wanaume wenye hofu ya prostati. Ili zawadi hiyo ifike Kananga au Butembo, lazima mtu mmoja atangulie kupima damu, mwingine asome picha, mwingine asome kipande cha nyama, na mwingine apige simu kumwita mgonjwa arudi. Wabunge watakapoletewa bajeti yenye mstari wa mashine ya IRM, mistari ya kutafuta kwanza ni ile ya watu hao wanne.